Deni la sikukuu: kutoka Guangzhou hadi mfukoni mwa mzazi

Katika mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou, kusini mwa China, Krismasi ya Afrika Mashariki huanza mwezi Agosti. Wakati huo, nyumbani hakuna anayefikiria pilau ya Desemba wala nauli ya kwenda kijijini. Lakini wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura tayari wanapanda na kushuka katika jengo la Tianxiu na masoko ya jumla yaliyo jirani, wakichagua magauni ya watoto, viatu, wanasesere, saa za mkononi na taa za mapambo.

Miezi minne baadaye, gauni lile lile linaning'inia katika duka la Kariakoo au Kamukunji. Mzazi analitazama, anauliza bei, anasita, kisha anatoa simu yake. Dakika chache baadaye fedha za mkopo zimeingia, na gauni limefungwa katika mfuko.

Muuzaji alijiandaa kwa siku 120. Mnunuzi amejiandaa kwa dakika 5. Katika tofauti hiyo ya tarehe ndimo linamozaliwa deni la sikukuu.

Imekuwa desturi kulizungumzia deni hili kama udhaifu wa tabia. Kila Januari wazee hulaumu ubadhirifu wa vijana, na viongozi wa dini hukemea anasa. Lawama hizo zina ukweli ndani yake, lakini hazielezi kwa nini hata mtu mwangalifu, asiyekunywa wala kucheza kamari, huuanza mwaka akiwa na deni. Jibu linapatikana iwapo tutaifuata bidhaa moja tangu inapoagizwa, na kuuliza katika kila kituo: hapa nani amekopa, na nani atalipa?

Safari ya kontena

Wafanyabiashara wa Kiafrika walianza kuonekana kwa wingi Guangzhou mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadhi yao walihamia huko kutoka Bangkok na Hong Kong baada ya msukosuko wa fedha wa Asia wa mwaka 1997, na idadi yao iliongezeka baada ya China kujiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001. Kivutio kilikuwa kimoja: hapo mtu mwenye mtaji mdogo angeweza kununua moja kwa moja karibu na kiwanda, bila kupitia Dubai.

Utaratibu wa malipo haujabadilika sana. Mnunuzi hutoa malipo ya awali, aghalabu asilimia 30 ya thamani ya mzigo, na kiwanda kinaanza kazi. Asilimia 70 iliyobaki hulipwa mzigo unapokamilika, kabla haujaondoka. Mwenye mzigo mdogo huchangia kontena na wenzake kupitia kwa wakala. Kisha ni safari ya bahari ya wiki kadhaa hadi Mombasa au Dar es Salaam, na baada ya hapo ushuru, gharama za bandari na usafiri wa nchi kavu.

Maana yake ni kwamba mfanyabiashara analipa mzigo wote kabla hajauza hata soksi moja. Wachache wana mtaji wa kutosha kulibeba jambo hilo peke yao. Wengi huchanganya akiba, mkopo wa benki au wa chama cha kuweka na kukopa, na fedha za ndugu. Mkopo huo una tarehe ya kurejeshwa, na tarehe hiyo haijui kama kontena limefika au limekwama.

Historia ya karibuni imejaa mifano ya makontena yaliyokwama. Katika miaka ya 2018 na 2019, mizigo ya waagizaji wadogo wa Nairobi ilizuiliwa kwa muda mrefu kufuatia msako wa serikali dhidi ya bidhaa bandia na magendo. Mwaka 2020 China ilifunga mipaka yake kwa wageni wengi kuanzia tarehe 28 Machi. Mwezi uliofuata, Waafrika kadhaa waliokuwa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba na hoteli walimokuwa wakiishi kwa hofu ya virusi vya corona, hatua iliyozusha malalamiko ya kidiplomasia kutoka serikali za Afrika. Vizuizi vya mpakani havikuondolewa hadi tarehe 8 Januari 2023. Katika muda huo wote wafanyabiashara wengi waliagiza kwa picha za simu, wakituma fedha kwa wakala bila kuigusa bidhaa. Aidha, mwaka 2021 gharama za kusafirisha kontena duniani zilipanda mara kadhaa kuliko ilivyokuwa kabla ya janga hilo.

Kisha kuna thamani ya fedha. Bidhaa za Guangzhou hupangiwa bei kwa yuani au dola, ilhali mteja wa Nairobi hulipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 123 za Kenya. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa takriban shilingi 156. Mfanyabiashara aliyepanga hesabu zake kwa kiwango cha mwanzo wa mwaka, akaja kulipa salio la dola 7,000 mwishoni mwake, alihitaji shilingi 231,000 zaidi kwa mzigo ule ule. Miezi michache baadaye mambo yaligeuka: baada ya kufikia takriban 160 mwezi Januari 2024, dola ilishuka hadi karibu 130 kabla ya Pasaka. Aliyenunua ghali alijikuta akishindana sokoni na aliyenunua kwa nafuu.

Hasara hizo hazibaki kwa mwagizaji peke yake. Anazigawa. Muuzaji wa rejareja anapewa mzigo kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, na bei imeshapandishwa ili kufidia riba na hatari. Muuzaji naye anaongeza chake. Mwishoni mwa mnyororo yuko mzazi, na yeye hana wa kumsukumia.

China nayo ina deni lake

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Guangzhou ni upande wa wauzaji tu. Wakazi wa jiji hilo nao wana msimu wao wa manunuzi na madeni.

Tangu mwaka 2009, kampuni ya Alibaba imeigeuza tarehe 11 Novemba, inayojulikana kama Siku ya Waseja, kuwa moja ya misimu mikubwa zaidi ya manunuzi ya mtandaoni duniani. Mwaka 2015, kampuni yake dada, ambayo leo inaitwa Ant Group, ilianzisha huduma ya mkopo wa papo kwa papo iitwayo Huabei, jina ambalo kwa tafsiri ya haraka lina maana ya "tumia tu". Kijana wa Kichina ambaye hajawahi kumiliki kadi ya mkopo alipewa uwezo wa kununua leo na kulipa mwezi ujao, kwa kugusa kioo cha simu.

Serikali ya Beijing ilipoona kasi ya madeni hayo iliingilia kati. Novemba 2020, siku mbili kabla ya hisa za Ant Group kuanza kuuzwa Shanghai na Hong Kong, mauzo hayo yalisimamishwa. Machi 2021, kampuni za mikopo midogo zilipigwa marufuku kutoa mikopo mipya kwa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Mfano huo una somo kwetu. Nchi inayotengeneza sehemu kubwa ya zawadi za dunia iliona kwamba kuuza ni jambo jema, lakini kumwezesha kila kijana kukopa bila kufikiri ni hatari kwa jamii nzima. Kiwanda kinahitaji mnunuzi ambaye mwakani pia atakuwa na fedha.

Kadi yetu ni simu

Katika magazeti ya Ulaya na Marekani, kila Desemba hutolewa maonyo kuhusu kadi za mkopo. Msomaji wa Mwanza au Kisumu anaweza kuyapita akidhani hayamhusu, kwa kuwa wenye kadi hizo Afrika Mashariki ni wachache. Hata hivyo, kadi yetu ipo. Tumeibeba mfukoni kwa zaidi ya muongo mmoja, na tunaitumia pia kupiga simu.

Novemba 2012, kampuni ya simu ya Safaricom na benki ya CBA zilianzisha M-Shwari nchini Kenya. Mkopo ulipatikana bila dhamana, bila kujaza fomu na bila kuonana na mtu, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwaka 2014, Vodacom na benki hiyo hiyo zilianzisha M-Pawa nchini Tanzania. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha Mkenya kulipa hata pale salio lake linapokuwa pungufu. Pembeni mwa huduma hizo zikachipuka programu nyingi za mikopo ya simu, nyingine zikiwa hazina leseni yoyote.

Si haki kuzilaani huduma hizi zote. Mama aliyekopa usiku wa manane ili ampeleke mtoto hospitali anajua thamani yake. Lakini asilimia 7.5 ina sura ya upole inayodanganya, kwa sababu ni ya mwezi mmoja, si ya mwaka. Tuchukue mfano wa mtu aliyekopa shilingi 20,000 kununua nguo na zawadi. Ada yake ni shilingi 1,500. Ikiwa Januari hawezi kulipa ila kwa kukopa upya, na akaendelea hivyo kila mwezi hadi Desemba inayofuata, atakuwa amelipa ada ya shilingi 18,000 na bado anadaiwa zile 20,000 za awali. Gauni la Krismasi limenunuliwa karibu mara mbili, na huenda mtoto ameshalikua.

Wadhibiti wamechukua hatua, ingawa kwa kuchelewa. Kenya ilitunga sheria mwishoni mwa 2021 na kanuni zake mwaka 2022, zikiwalazimisha wakopeshaji wa kidijitali kuomba leseni kwa Benki Kuu na kuwakataza kuwaaibisha wadaiwa kwa kuwapigia simu jamaa na marafiki zao. Nchini Tanzania, ambako watu wameipa mikopo ya aina hii jina la kausha damu, Benki Kuu ilitangaza mwezi Novemba 2024 orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini na kuwataka wananchi wajiepushe nazo. Tangazo hilo lilitoka mwezi mmoja kabla ya Krismasi, wakati ambapo wengi huzihitaji zaidi programu hizo.

Sheria inaweza kumzuia mkopeshaji asimtukane mdaiwa. Haiwezi kumwondolea mdaiwa Januari. Wakenya wameupa mwezi huo jina la Njaanuari, na sababu yake inaeleweka: mishahara ya Desemba hulipwa mapema na kutumika mapema, kisha shule zinafunguliwa na kudai karo, sare, madaftari na viatu. Mkopo wa siku 30 uliochukuliwa katikati ya Desemba unadai kulipwa katikati ya Januari. Ni vigumu kubuni tarehe mbaya zaidi ya hiyo.

Mzigo wa aliye mbali

Kuna kundi ambalo kwalo onyo kuhusu kadi halihitaji tafsiri. Ni Waafrika Mashariki waishio London, Minneapolis, Toronto au Berlin, ambao huanza kupokea simu kutoka nyumbani mwezi Novemba.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Mwaka wa kwanza niliponyimwa njia ya kurudi nyumbani, benki moja ya huku ugenini ilinipatia kadi. Desemba ile nilinunua simu, makoti na vitabu kwa ajili ya watu ambao sikuwa na hakika ya kuwaona tena. Nilifikiri ninanunua zawadi. Kumbe nilikuwa nikijaribu kulipia kiti changu kilichokuwa kitupu mezani. Deni lile nililimaliza baada ya Krismasi mbili zaidi kupita, na hakuna yeyote nyumbani aliyejua.

Nasimulia hili kwa sababu takwimu peke yake hazielezi kwa nini watu wenye akili timamu hukopa kwa ajili ya sikukuu. Zawadi ya mtu aliye mbali hubeba uzito wa kutokuwepo kwake. Mfanyabiashara aliyekwama Guangzhou mwaka 2020, nesi anayefanya kazi ya zamu mkesha wa Krismasi, dereva wa Muscat asiyepata ruhusa ya Idi: kila mmoja anataka mfuko useme yale ambayo yeye hayupo kuyasema. Wauzaji wa mikopo wanalijua hilo.

Hata hivyo, hesabu haina huruma. Nchini Marekani, jumla ya madeni ya kadi za mkopo ilivuka dola trilioni 1 mwaka 2023, na wastani wa riba ukapita asilimia 20 kwa mwaka. Mtu anayebaki na deni la dola 1,500 kwa riba ya asilimia 21, akalipa dola 40 kila mwezi bila kununua kitu kingine, atalimaliza baada ya miaka mitano na ushei, na atakuwa amelipa riba ya takriban dola 960. Tangu sheria ya mwaka 2009, benki za Marekani zinalazimika kuandika katika taarifa ya kila mwezi muda ambao mteja atachukua kumaliza deni akilipa kiwango cha chini tu. Mistari hiyo michache ni muhimu kuliko tangazo lolote la punguzo la bei. Ni vyema isomwe kabla ya kwenda dukani.

Sikukuu haina dharura

Turudi Xiaobei. Mfanyabiashara hodari wa mtaa huo si lazima awe tajiri. Silaha yake kubwa ni kalenda. Anajua kwamba viwanda vya China hufungwa kwa wiki kadhaa wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina. Anajua pia kwamba Idi hurudi nyuma kwa takriban siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Katika kalenda ya 2026, kwa mfano, Mwaka Mpya wa Kichina uko tarehe 17 Februari na Ramadhani inaanza wiki hiyo hiyo. Anayesubiri Ramadhani ianze ndipo aagize nguo za Idi anakuta milango ya viwanda imefungwa. Hata maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika tangu mwaka 1957 na ambayo awamu yake ya vuli huanza katikati ya Oktoba, ni ya kuchelewa kwa mtu anayewinda Krismasi ya mwaka huo huo.

Kalenda hiyo haimilikiwi na mfanyabiashara peke yake. Ugonjwa huja bila hodi, na msiba vilevile. Lakini tarehe 25 Desemba inajulikana tangu mwaka unapoanza, na wiki ya Idi hukadiriwa miaka mingi kabla. Katika matumizi yote ya kaya, sikukuu ndiyo iliyo rahisi zaidi kuiwekea akiba, na ndiyo tunayoikopea kana kwamba imetushtukiza.

Jamii zetu zilikuwa na jibu kabla ya benki kufika. Upatu, kibati, mchezo, chama: majina ni mengi kwa jambo moja, yaani watu wachache wanaoaminiana kuchangishana kidogo kidogo ili kila mmoja apate fungu kwa zamu yake. Kaya inayohitaji shilingi 20,000 za sikukuu, ikianza mwezi Machi, inahitaji kuweka shilingi 2,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Ada yake ni sifuri. Yapo makundi yanayochangia ng'ombe, mchele na mafuta kwa namna hiyo, na wanachama wake hawaijui Njaanuari.

Akiba peke yake haitoshi iwapo hakuna kiwango. Kabla ya kuingia dukani, au kabla ya kumtumia ndugu aliye Guangzhou orodha ya vitu, yafaa kuandika majina ya wanaopewa na kiasi cha kila mmoja, kisha kuanza kwa kutenga karo na sare za Januari. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kwa aliye ughaibuni, zawadi ilipwe kwa fedha zilizopo katika akaunti. Na ikiwa ni lazima kadi itumike, basi deni lote lilipwe kabla ya tarehe ya riba.

Kuna sehemu moja ya mpango huu isiyoandikika katika hesabu, nayo ni kusema ukweli. Mzazi anayemweleza mwanawe kwamba mwaka huu ni kiatu bila gauni hapotezi heshima. Ndugu wa ng'ambo anayekiri kwamba hali ni ngumu anawapa nyumbani nafasi ya kumhurumia, jambo ambalo zawadi za mkopo haziwezi kulileta. Ukimya ndio unaoyalisha madeni mengi ya sikukuu.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walisema hivyo kabla ya kadi na simu, na kabla ya meli kuondoka bandari za Guangdong zikiwa na Krismasi yetu tumboni. Agosti ijayo, wanunuzi watakuwa tena wamejaa katika jengo la Tianxiu wakipanga Desemba yetu. Hakuna kinachotuzuia nasi kuanza kuipanga mwezi huo huo.